Mafuta ya takrolimasi ya eksima ya usoni: ghali lakini yafaa

Daktari wa ngozi aliniandikia haya mafuta, dawa ya eksima isiyo steroidi, kwa ajili ya kope na shingo, nimeyatumia kaskazi yote na nasema yafaa pesa yake, hata kama bei ni ile ya kukufanya umuulize wa duka la dawa mara mbili. Muwasho yatuliza, lakini hata betamethasoni, ambayo ni steroidi, yaani zile dawa za kupaka za kutuliza uvimbe na muwasho, hutuliza tena haraka zaidi. Mimi nilichopenda ni vile hayaiharibu ngozi nzima isiyo na ugonjwa, ile ya kandokando.

Manake dawa ya kupaka haikai pale ulipoiweka, hasa hapa Mombasa na hili joto, jasho likitoka ndani ya buibui yateremka shingo yote. Sasa ikiwa ni steroidi, hiyo ngozi nzima nayo yaipata. Steroidi yapunguza kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara, ikipakwa muda mrefu ngozi yawa nyembamba kama ganda la kitunguu, vimishipa vyaonekana, kwapani na mapajani yatoka mistari ambayo haiondoki tena, na rangi nayo yafifia mabaka mabaka. Kuna utafiti ulitoka 1998, walipakwa wenye eksima na watu wazima wa afya wasio na tatizo lolote la ngozi, na kwa wiki moja tu betamethasoni ya 0.1% ilishusha utengenezaji wa kolajeni kwa wote, takrolimasi haikushusha. Wiki moja jamani!

Tena molekuli ya takrolimasi ni kubwa, ngozi nzima haiipitishi kirahisi, ile iliyopasuka kwa eksima ndo yaipokea, na ikianza kupona inapokea kidogo kidogo.

Ubaya wake yachoma. Siku za mwanzo yachoma kweli, macho yatoka machozi, lakini hupungua kadiri ngozi inavyotulia. Usipake ukitoka tu kuoga, ngoja ukauke kabisa, na tyubu ukiiweka kwenye friji kidogo kabla ya kupaka yasaidia.

Sisemi steroidi ni adui. Haidrokotisoni ya 1% ni ya nguvu ndogo, na viganjani na nyayoni ambako ngozi ni nene steroidi kali zina kazi yake, kwa muda aliosema daktari. Kinachoniuma ni klobetasoli ya 0.05%, kali kuliko karibu zote, maelekezo yake ni wiki mbili na isizidi gramu 50 kwa wiki, si ya usoni, halafu dada zetu wanaichanganya kwenye mkorogo wanapaka uso mzima na mwili mzima miezi na miezi, uso ambao haukuwa na ugonjwa wowote! Wengine wanapakia choa ile steroidi iliyochanganywa na dawa ya fangasi, wekundu wapotea, fangasi yaendelea kutambaa chini kwa chini.

Takrolimasi nayo si ya kupaka kila siku bila kikomo. Marekani mwaka 2006 waliiwekea onyo kuhusu saratani, kwa hivyo pumzika ngozi ikitulia, na jua kali jikinge. Mtoto chini ya miaka 2 hapana. Kuanzia hapo mpaka 15 ulizia ya 0.03%, ile ya 0.1% ni ya wakubwa, na maboksi yafanana sana kwa hivyo soma namba kabla hujalipa.