Kutoka cc 125 hadi injini kubwa: pikipiki ipi ya motokrosi ununue

Mwendeshaji wa motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia za udongo na vilima, aliyeizoea cc 125 ya mipigo miwili hufika mahali ambapo kila mlima wa mchanga mzito humlazimu kuchezea klachi ili injini isizimike. Kabla ya kutoa fedha nyingi, afunge kwanza sproketi ya nyuma (gurudumu la meno la mnyororo) yenye meno mawili zaidi, kwa kuwa mara nyingine kinachokosekana ni mvuto wa gia tu. Ikiwa bado haitoshi, ningezipanga njia zilizopo kama ifuatavyo.

Nafasi ya kwanza naipa cc 250 ya mipigo minne. Ujazo unaonekana kuwa maradufu, lakini injini hiyo huchoma mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ilhali ya mipigo miwili huchoma katika kila mzunguko. Ndiyo sababu mbio za MX2, daraja la pili la ubingwa wa dunia wa motokrosi, zimeziweka aina hizi mbili katika daraja moja. Nguvu yake huanza mapema na kupanda kwa utaratibu, hivyo mwendeshaji hujifunza kufungua mafuta anapotoka kwenye kona bila kurushwa. Udhaifu wake ni matengenezo: pistoni ikivunjika inaweza kuharibu valvu, silinda na hata krenki. Unaponunua iliyotumika, sisitiza kuiwasha ikiwa baridi kabisa, kwa sababu inayosumbua kuwaka mara nyingi nafasi za valvu zake zimebana.

Ya pili ni cc 300 ya mipigo miwili, na kwa asiyeshindana, anayepita kwenye mawe na misitu, ningeipandisha juu bila kusita. Ile ya KTM, yenye kipenyo cha silinda cha milimita 72 na mwendo wa pistoni wa milimita 72, ina ujazo wa cc 293; huvuta vizuri katika mizunguko ya chini, ni nyepesi, na mwenye vifaa vya kawaida anaweza kuibadilishia pistoni mwenyewe.

Ya tatu ni kuipanua injini uliyo nayo. Kipenyo cha silinda ya Yamaha YZ125 kikipanuliwa kutoka milimita 54 hadi 58, ujazo huwa cc 144, na mvuto wa katikati huongezeka. Hata hivyo, jeti za kabureta (vitundu vinavyopima petroli) lazima zipangwe upya, maana mchanganyiko wa hewa wenye petroli kidogo mno huiunguza pistoni. Aidha, katika mashindano yenye ukomo wa cc 125 hutaruhusiwa kuitumia.

Ya mwisho ni cc 450 ya mipigo minne. Ina nguvu za farasi zaidi ya 50, na mikono iliyochoka haiwezi kuidhibiti. Namshauri mwendeshaji mzito au wa jangwani pekee. Atakayeichagua atafute yenye swichi ya kupunguza nguvu, na abadilishe springi za shokabsoba zilingane na uzito wake kabla ya kuipeleka uwanjani.