Kabine ya avoka yenye ilifwata dosie ya aksida ya mama mudogo: muzuri, lakini uliza bei mbele

Nasema jibu hapo hapo juu najua bengi banasomaka paka mwanzo: kama mutu yenu ameumia kweli mu aksida, si gari kukwaruzana rangi tu, muende kwa hii kabine mbele ya kwenda kubishana na asiransi peke yenu. Minabapatia 4 juu ya 5.

Mama mudogo yangu anauzishaka samaki ya kukauka ku soko hapa Lubumbashi. Siku ile alikuwa anateremuka taksi-bisi ku barabara ya Kasenga. Ile bisi iko na volan ku kuume, zile zinatokaka Japani zinapitia Dar es Salaam na Kasumbalesa, na sisi mu Congo tunatembea ku kuume ya barabara, basi mulango ya kusukuma inabakia ku kushoto, maana yake unateremukia katikati ya barabara kwenye gari zingine zinapita. Shofere hakusonga pembeni, reseveri akafungua, mama akatia muguu chini, gari ndogo ikakuya mbio inapita bisi, ikamuvunja muguu. Kila mutu anajua hii hatari na kila siku tunateremukia ile mulango na batoto ku mugongo, inaniuma sana.

Kiisha hapo njo taabu ilianza. Asiransi ya ile gari ndogo inasema kosa ni ya bisi, asiransi ya bisi inasema kosa ni ya gari ndogo, mama iko ku kitanda na fatira ya hopitali inapanda. Na mwenye bisi alikuya na bahasha anasema "mama, tusikilizane tu, tusipeleke mambo mbali". Jirani mumoya njo alitupeleka ku hii kabine.

Avoka ni mwanamuke kijana, na kintu nilipenda ya kwanza ni vile alituelezea ku Kiswahili, si Kifaransa ya tribinali. Alisema: "Mama, usisaini kitu, na usichague kati yabo babili, tutabaandikia bote." Akatuonyesha artikle 258 ya kode sivile, buku ya tatu, mwenye kuharibu analipa, na artikle 260, mwenye kutumikisha mutu analipa bubaya yenye mutumishi alifanya ku kazi, basi mwenye bisi hawezi kujificha nyuma ya shofere. Na asiransi ya gari ni lazima tangu sheria ya 5 Januari 1973, na hiyo asiransi iko juu ya bale gari inagonga na inabeba. Ile siku kwa mara ya kwanza mama akalala usingizi.

Lakini kazi yabo ya kweli ni makaratasi. Alimwanga dosie yetu yote ku meza, akaanza kutenganisha. Fatira ya farmasi bila jina ya mugonjwa, pembeni. Resi bila kashe, pembeni. Akatutuma turudie kila fasi balituuzisha dawa, baandike jina, date na kashe, juu asiransi inatafutaka paka tobo ya kukatala. PV ya polisi ya rulaje, ile ripoti ya aksida, yeye mwenyewe alienda kuomba kopi. Na kulikuwa foto ya parebrizi yenye kijana mumoya alipiga ku telefone, akaikuza mupaka tukasoma jina ya kompanyi, numero ya polise (ile kontra ya asiransi) na siku yenye inaisha. Hiyo ni ya lazima sasa. SONAS, kompanyi ya asiransi ya Leta, ilianzishwa 1966 na ilikuwa peke yake miaka mingi, paka sheria ya 17 Machi 2015 njo ilifungulia kompanyi zingine mulango, basi ukienda kwa isiyo yenyewe banakuzungusha bure.

Ya makuta yenye mama alikosa kwa kuikala nyumbani, mimi nilizani tumeipoteza, juu mutu ya soko hana fishi ya pee, ile karatasi ya mushahara. Avoka akauliza: "Mama, ile tikete ya takse, kodi ya soko, unaitupaka?" Kumbe mama anaziwekaka zote mu kopo ya maziwa. Akazipanga kwa mwezi, juu zinaonyesha siku zenye mama alikuwa anauzisha, akaomba bamama babili ya meza ya pembeni baandike ushuuda, na hiyo yote ikaingia mu dosie. Pale njo nilijua huyu anapenda kazi yake.

Asiransi moya ilikuya haraka na karatasi ya kusaini, makuta haifikie hata bei ya byuma balitia ku mufupa, na chini imeandikwa hautalomba tena kitu. Avoka akakatala. Alituelezea kwamba mbele ya kuhesabu lazima doktere aseme kidonda imefika mwisho, haitapona zaidi wala kuharibika zaidi, banaitaka konsolidasyo, na aandike ni asilimia ngapi ya nguvu imepotea. Ukisaini mbele ya hapo, muguu ikianza kukuuma tena ni shida yako. Makuta ilitoka kiisha mvua kuisha, na tulianza ikiwa haijanyesha hata, lakini ililipa hopitali na mama akarudia ku meza yake.

Sasa ile nukta moya yenye nimekata. Beko ku etaje ya pili na hakuna asanseri, kabine ya bantu ya kuvunjika miguu! Mama alipanda na bekiyi tukimushika huku na huku. Telefone hawaipokee. Na juu ya onorere, malipo ya avoka, balituandikia kontra muzuri, lakini kuna makuta ya "transport" ya ule kijana anapelekaka barua, inalombwa kidogo kidogo bila resi, hiyo si sawa kwa kabine inatufundisha juu ya resi.

Mu chumba ya kungojea tulikuta manseba mumoya, kamyo ya Zambia ilimugonga, nao balijua kufwata ile karte ya manjano ya COMESA, asiransi ya gari zinavuka mupaka, basi hata gari ya inje habaogope.

Na weye shofere unasoma, ujue asiransi ya lazima haikulipe weye mwenyewe ukivunjikia ku volan, uombe baongeze garanti ya shofere.

Mukienda, mupeleke PV, seritifika ya doktere, fatira za kweli na foto ya parebrizi, na muende kiisha saa saba, juu asubui bote banakuwaka mu odiansi.