Siku nne Lisbon na mama: vilima, tramu na dhahabu ya Kilwa

Mama yangu ni mtu wa Kilwa Kivinje. Ana miaka 66 na goti la kushoto linamsumbua. Mwezi Mei alikuja kunitembelea Ujerumani ninakofanya kazi, nikamwambia achague mji mmoja wa Ulaya nimpeleke. Nilitegemea ataje Paris. Akasema, "Nipeleke kwa Wareno, mwanangu. Nikaone walikotoka." Viza yake ya Schengen ilikuwa bado na siku za kutosha, basi tukakata tiketi za Lisbon, mji mkuu wa Ureno.

Naandika haya kwa sababu kabla ya safari nilitafuta maelezo ya Kiswahili kuhusu mji huu nisipate ya kutosha, na yale ya lugha nyingine hayakuniambia nilichohitaji: mtu wa pwani yetu, tena mwenye mzazi anayetembea taratibu, aanzie wapi? Ningekuwa natoa nyota, mji ningeupa nne kati ya tano. Jumba moja la makumbusho ningelipa zote tano, na hilo nitalifikia.

Kwanza vilima. Wenyeji wanasema mji wao umejengwa juu ya vilima saba, na mguu wako utavihesabu vyote. Njia za waendao kwa miguu zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, kwa nakshi za mawimbi na maua. Vinapendeza sana, lakini vimesuguliwa na nyayo za watu hadi vinang'aa, na manyunyu kidogo tu yakishuka ni utelezi. Vaeni raba zenye soli inayoshika. Mama alikuja na kandambili zake za ngozi, na asubuhi ya pili ilibidi tununue viatu vingine kabla ya kitu chochote.

Tramu (gari la reli la mjini) namba 28, ile ya njano inayoonekana kwenye kila picha, tuliisubiri kituo cha Martim Moniz zaidi ya saa nzima juani. Tulipoingia hapakuwa na kiti, watu wamebanana kama daladala ya jioni. Siipendekezi kwa mzee kwa namna hiyo. Kesho yake tuliamka mapema tukaipandia mwisho wa pili wa njia, Campo de Ourique, kabla ya saa mbili asubuhi. Mama alikaa dirishani, behewa la mbao likawa linalia kwenye kona na kupita karibu na kuta kiasi kwamba ungeweza kugusa nguo zilizoanikwa. Hapo ndipo nilipoelewa sifa zake. Nunueni kadi ya usafiri kwenye kituo cha metro na kuijaza pesa, maana tiketi ya kulipa ndani ya tramu ni ghali zaidi. Mkoba uwe mbele ya kifua, wezi wa mifukoni wanaijua hiyo njia kuliko dereva.

Bajaji zipo, nyingi zinatumia umeme. Kwa goti la mama zilitusaidia kweli, ila patana bei na muda kabla hujakaa. Wa kwanza tuliyempanda alibadilisha bei tulipofika juu, na wakati wote alikuwa anatuharakisha. Wa pili alikuwa muungwana, akasimama kila mama alipotaka kutazama mto Tejo.

Alfama, mtaa wa kale ulio chini ya ngome ya São Jorge, ulituchukua siku nzima na sijuti. Jina lenyewe ni la Kiarabu, asili yake ni chemchemi za maji ya moto, neno la ukoo mmoja na hamamu. Waislamu waliutawala mji huu hadi mwaka 1147, mfalme Afonso Henriques alipouteka. Vichochoro vyake vinapinda kama vya Mji Mkongwe, majirani wanaongea dirisha kwa dirisha, na mama alitembea humo kama mtu anayeijua njia. Ngomeni kiingilio kinalipwa. Kama unabana matumizi, kaa bure Portas do Sol au Santa Luzia, sehemu za wazi za kutazamia mji. Mapaa mekundu na mto utaviona vilevile.

Lililomfurahisha zaidi lakini ni maneno. Mhudumu wa mgahawa alisema *mesa*, mama akanitazama. Meza. Kisha *copo*, kopo. Barabarani *bandeira*, bendera. Hotelini, mfanyakazi akibadilisha matandiko, *fronha*. Mama akacheka kwa sauti: "Hata foronya ni yao?" Alipoona *igreja*, yaani kanisa, kwenye kibao cha kanisa nikamweleza kwamba wataalamu wa lugha wanaamini gereza limetokana na neno hilo. Akanyamaza. Kila mtu wa Kilwa analijua Gereza pale Kilwa Kisiwani, ile ngome iliyo ufukweni. Wareno walijenga ngome yao hapo mwaka 1505 walipouteka mji, na Waomani wakaja kuijenga upya baadaye.

Katikati ya mji, Baixa, mitaa imenyooka kama rula. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliubomoa mji, bahari ikapanda, kisha moto ukamaliza. Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, ndiye aliyesimamia ujenzi mpya, na nyumba zikatiwa kiunzi cha mbao ndani ya kuta ili zihimili mtikisiko mwingine. Panda hadi kanisa la Carmo uone lililobaki: matao yamesimama, paa hakuna, mbingu ndiyo dari. Lifti ya chuma ya Santa Justa, ya mwaka 1902, ilikuwa na foleni ndefu, nayo hupeleka watu hapohapo Carmo, ambako unaweza kufika kwa miguu kupitia mtaa wa Chiado. Sisi hatukuipanda.

Kuhusu chakula sina malalamiko. Mama hali nyama isiyochinjwa kwa taratibu zetu, lakini mji huu ni wa samaki. Pweza wa kuchomwa na kumwagiwa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu alimfanya aulize mapishi. Nyama ya halali tuliipata karibu na Martim Moniz, kwa Wabangladeshi. Na pale uwanja wa São Domingos tuliwakuta watu wa Guinea-Bissau wakiuza viungo na njugu za kola, wamekaa wanazungumza. Mama aliwaamkia kwa Kiswahili, wakamjibu kwa kwao, wakapeana mikono.

Belém, mtaa ulio kando ya mto upande wa magharibi, tulikwenda kwa tramu namba 15. Katika kanisa la Jerónimos limo kaburi la Vasco da Gama, jiwe jeupe lililochongwa kwa ustadi mkubwa. Watu walikuwa wanapiga picha. Mama alisimama pembeni, mikono nyuma. "Huyu ndiye aliyekuja kutudai kodi," akasema. Ni kweli. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, aliingia Kilwa na merikebu za mizinga akamlazimisha mtawala wetu, Amiri Ibrahim, alipe ushuru wa dhahabu kwa mfalme wa Ureno.

Dhahabu hiyo ipo. Hili ndilo lililonifanya niandike. Nenda Museu Nacional de Arte Antiga, jumba la makumbusho lililo mtaa wa Janelas Verdes, kati ya katikati ya mji na Belém. Wageni wengi wanapita chini yake wakiwa ndani ya tramu bila kushuka. Humo, ndani ya kioo, kuna chombo cha kuwekea ekaristi, mkate mtakatifu wa Wakatoliki, kinachoitwa Custódia de Belém. Kimetengenezwa kwa dhahabu na rangi za enameli, na mitume kumi na wawili wamepiga magoti kukizunguka, kila mmoja na uso wake. Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru kitengenezwe, na kazi ilikamilika mwaka 1506. Maandishi ya chini kwenye kitako chake yanasema wazi kwamba ni dhahabu ya ushuru wa Kilwa. Jina la mji wetu limo, kwa tahajia yao ya kale.

Nilimwonyesha mama herufi moja moja. Alivaa miwani akainama, akasoma, akainuka. Kisha akaomba kukaa. Mlinzi, kijana mpole, alimletea kiti chake mwenyewe. Tulikaa hapo karibu nusu saa, na kila kikundi kilichopita kilitazama dakika moja kikaondoka. Nadhani kila Mtanzania anayefika Lisbon anapaswa kupanga siku yake kuanzia chumba hiki, Alfama na tramu vifuate. Mimi nilisoma shule ya msingi Kilwa Masoko, magofu ya Kisiwani ng'ambo ya maji, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba sehemu ya dhahabu ya Kilwa inaweza kuonekana kwa macho.

Mama aliuliza swali moja tu tukitoka: "Watu wa kwetu wanajua kama iko hapa?"

Basi namba 714 kutoka Praça da Figueira hupita jirani na jumba hilo. Ukienda kwa tramu namba 15 itakubidi upande ngazi nyingi, kwa hiyo mwenye magoti mabovu achukue basi. Nyuma kuna bustani yenye viti inayotazama mto, mahali pazuri pa kupumzika baada ya kutoka ndani. Jumatatu hawafungui. Nendeni Jumanne asubuhi, kabla watu hawajajaa.