Ghetto Classics ya Korogocho: maoni ya anti mwenye kijana pale

Nataka kuongea juu ya Ghetto Classics, mradi wa kufundisha watoto muziki, vile mtu huongea juu ya shule yoyote anayopeleka mtoto, yaani wanafundisha nini, wanafundisha aje, na mtoto anatoka na nini. Nasema hivyo kwa sababu karibu kila kitu nimewahi kusoma kuwahusu kinaanza na dampo la taka la Dandora lililo jirani na kuishia kwa machozi, muziki wenyewe unapewa sentensi moja hapo katikati basi. Kijana wa dada yangu anapiga tarumbeta pale, aliingia akiwa bado praimari na sasa ana ndevu, so haya nimeyaona mwenyewe.

Kwa wenye hawajui, makao yao ni kwa Kanisa Katoliki la St John, mtaa wa Korogocho, Nairobi. Mradi ulianza 2008, ulianzishwa na Elizabeth Njoroge akishirikiana na Padre John Webootsa aliyekuwa parokia hiyo, na uko chini ya Art of Music Foundation, shirika lisilo la kutafuta faida. Walianza na watoto wachache tu, siku hizi wanafunzi ni zaidi ya elfu moja na wamefika mpaka Mombasa. Na kama umewahi kununua tiketi ya Safaricom Jazz, ile ilianza 2014, jua pesa yako ilisaidia hapa, mapato ya zile shoo yamekuwa yakienda Ghetto Classics.

Sasa tuje kwa mafunzo, na hapa niruhusuni niongee sana kidogo.

Mtu akisikia mradi wa vijana wa mtaa anafikiria watoto wanapewa ngoma wapige kelele wachangamke waende nyumbani. Hapa sivyo kabisa. Kijana wetu alianza na rekoda, ile filimbi ya plastiki, na alikaa nayo hadi mama yake akaanza kuuliza ati tarumbeta itakuja lini. Mtoto anasoma noti, anahesabu mapigo kwa mguu, anajua kunyamaza wakati si zamu yake, na hiyo ya kunyamaza mimi naona ndio ngumu kuliko zote. Siku moja nilikaa kwa benchi nikawaangalia wakifanya mazoezi, msichana mmoja hivi wa kidato cha tatu au nne ndiye alikuwa anafundisha wadogo wa vayolini, ana penseli mkononi, kuna baa moja, yaani kipande kifupi cha noti kwa karatasi, wanaikosea kila wakifika hapo, mmoja anakimbia wengine wanabaki. Hakupiga mtu kelele. Aligonga stendi na penseli, akasema "tena, kutoka baa ya tano", wakarudia, akagonga, wakarudia, hadi mimi mwenyewe nikaanza kuisikia ile shida ilikuwa wapi, na walipoipata wote wakacheka pamoja naye akaandika kitu kwa karatasi akasonga mbele bila hotuba. Huo ndio ualimu, na alijifunzia hapo hapo, kwa sababu mfumo wao ni kwamba wakubwa wanafundisha wadogo, na wakubwa wanaofundisha wanapata kitu kidogo mfukoni. Kwa familia nyingi za Koch, yaani Korogocho, hiyo pesa kidogo si kidogo.

Halafu kuna hili la pumzi. Tarumbeta, saksafoni, tromboni, klarineti, hizi zote ni kifua. Mwalimu wa brasi, yaani tarumbeta na tromboni, anaanza na watoto wakiwa wamesimama wima, mkono kwa tumbo, kuvuta pole pole na kuachilia pole pole, kabla hata mtu ashike chombo. Sasa fikiria unafundisha mtoto kuvuta pumzi ndefu na ng'ambo ya mto kunaungua taka. Dampo la Dandora lilifunguliwa 1975, likatangazwa limejaa 2001, na malori bado yanaingia. Ule utafiti wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wa 2007 uliopima watoto 328 wa maeneo haya ulikuta nusu yao wana madini ya risasi kwa damu kufikia au kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Siandiki haya mtuonee huruma, naandika kwa sababu ni jambo la kazi kabisa la muziki. Jioni moshi ukishuka, wapigaji wa vyombo vya kupuliza wanakohoa, na mazoezi yanakuwa mafupi. Mtoto anayetoa noti ndefu iliyonyooka kutoka hapo amefanya kazi mara mbili ya mwenzake wa Lavington kwa wenye pesa na mimi nataka ahesabiwe hiyo kazi kama ustadi.

Wazazi wenye mnafikiria kupeleka watoto, niwaambie ukweli. Inachukua muda. Mtoto hatakuwa staa kwa muhula mmoja wala miwili. Vyombo ni vya kugawana na watoto ni wengi, so usitarajie mtoto atabeba chelo nyumbani kila siku, na hata akibeba ataiweka wapi kwa nyumba ya mabati ya futi kumi kwa kumi yenye watu sita? Sisi kijana alipoanza kuachiwa tarumbeta wikendi ilibidi dada yangu azungumze na ploti nzima, mzee wa nyumba akakubali saa kumi mpaka saa kumi na moja jioni na si zaidi, kuna mama ana mtoto mchanga mlango wa pili. Baadaye yule mama ndiye alikuwa anamuuliza leo hupigi? Jumapili pia ni siku ya kufua na kuenda kanisa na kusaidia kwa kibanda, na mazoezi ya okestra nayo yanataka mtoto awe pale, kwa hivyo nyinyi wa nyumbani lazima mpange. Mtoto akikosa kosa mara nyingi anabaki nyuma, kwa sababu okestra haingoji mtu mmoja. Mimi hilo nalipenda. Wanawachukulia serious.

Kuhusu kama inalipa, naulizwa hilo sana. Wachache wataishi kwa muziki, na sioni kama hiyo ni sababu ya kumnyima mtoto. Wako waliopata nafasi ya kupiga na National Youth Orchestra of Kenya, wako wanaofundisha, na kundi lenyewe limewahi kupiga mbele ya Papa Francis na Obama walipokuja Kenya 2015. Lakini hata kijana wetu asipofika popote na hiyo tarumbeta, ameshajua kufika mapema, kujiandaa, kusikiza mwenye yuko kando yake. Shule walimu wake wenyewe wameona, maana zamani alikuwa haketi.

Sasa kitu chenye kimenifanya niandike yote haya. Juzi kundi dogo la vijana, si la mradi, ni wao wenyewe wanne wamejiunga, waliitwa kupiga kwa dina fulani mjini, waandaaji sitawataja. Wamefanya mazoezi vizuri, wamepanga nyimbo zao, wamevaa mashati meupe yamepigwa pasi. Emsii akachukua maiki, badala ya kuuliza wanapiga wimbo gani akamuuliza kijana wetu mbele ya watu wote, tuambie, maisha ya dampo yako aje? Na kijana alikuwa amejiandaa kutangaza wimbo! Alisimama hapo na tarumbeta mkononi, akasema asante, tutaanza na wimbo wa kwanza, akawageukia wenzake wakaanza. Walipomaliza watu wakapiga makofi ya huruma, mnajua yale. Kisha malipo ikawa "tumewapa jukwaa", chakula wakapewa nyuma jikoni wakisimama, na nauli ya kurudi wakajitafutia, saa nne usiku, na vyombo mkononi. Nilikasirika mpaka leo nikiandika bado nimekasirika. Mngemwita mpiga piano wa hoteli mkamuuliza kwao kuko aje? Mngemlipa kwa makofi?

Vijana hawa wana elimu ya muziki ambayo wengi wetu tulio kwa zile meza hatuna. Wanasoma karatasi ambayo wewe ukiiangalia unaona madoa. Waulizeni wimbo ni wa nani, waulizeni kwa nini tromboni iliingia pale, wakikosea waambieni wamekosea kwa adabu, hiyo ndiyo heshima kwa mwanamuziki, kumsikiza kweli kweli.

Kwa mafunzo mimi nawapa nyota tano. Kama kuna kitu ningeongezewa ni vyombo tu, na hicho hakiko mikononi mwao, so wenye mna klarineti ya mtoto aliyeshaenda yunivasiti na imelala juu ya kabati huko South B, itoeni. Nyuzi za vayolini pia, ridi za saksafoni, mafuta ya vali, vitu hivi vinaisha haraka na bei yake Nairobi inauma. Ila tafadhali toeni chombo kinachofanya kazi, si kile kimekatika shingo mnataka tu kukiondoa kwa nyumba.

Na mkiwaita vijana waliotoka pale kupiga kwa harusi ama dina, elewaneni pesa mapema na mlipe siku hiyo hiyo, wawekeeni meza wakae wakule, na mpange gari la kuwarudisha hadi Koch maana usiku huwezi kumwambia mtu aingie matatu na tromboni. Mwenye anataka kuwasikia kwanza kabla ya kuamua, aende aone mazoezi, aulize pale kanisani St John wakati gani wageni wanakubaliwa, kila mtu anajua ni wapi.