Miaka sita kwenye bodi ya asasi ya ikolojia: nyota nne kati ya tano

Nimemaliza vipindi viwili vya miaka mitatu mitatu nikiwa mjumbe wa bodi, kwa kujitolea, katika asasi ndogo inayotunza mikoko na maeneo oevu ya ukanda mmoja wa pwani. Jina lake naliweka kando. Namwandikia yule aliyepigiwa simu wiki hii akaambiwa "tunahitaji mtu kama wewe kwenye bodi", na bado hajajibu.

Nilipokubali nilidhani kazi itakuwa ya kukanyaga tope. Kwa miaka sita nimelikanyaga mara tano. Muda uliobaki nimeusomea kabrasha. Vikao ni vinne kwa mwaka, na kabla ya kila kimoja linakuja kabrasha la kurasa 70 au 80: kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa ya mkurugenzi mtendaji, mapato na matumizi, na mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya asasi. Asiyelisoma hujulikana mapema sana kikaoni, lakini kura yake ina uzito uleule wa aliyekesha nalo. Malipo hakuna. Nauli hurudishwa ukileta risiti.

Kikao changu cha pili, mizania ilionyesha fedha nyingi benki na wajumbe tukapumua. Mimi nikauliza, kwa kuwa kweli sikujua, ni kiasi gani tunaweza kukitumia kwa jambo lolote. Mweka hazina akachukua kalamu akaanza kukata mstari mmoja mmoja. Hizi ni za kitalu tu. Hizi za boti. Hizi za mafunzo ya vijana, zikibaki zinarudi kwa mfadhili. Alipofika chini, kilichosalia hakikutosha mishahara ya miezi miwili. Ukumbi mzima ukanyamaza. Kumbe mradi mmoja uliocheleweshewa awamu yake ya pili ulikuwa ukilishwa kimyakimya na fedha za mradi mwingine. Hakuna aliyeiba hata senti, ila tulikuwa tumesimama ukingoni. Tangu siku ile kila taarifa huja na safu mbili, fedha zenye masharti na fedha huru, na bodi ikaweka sera ya akiba ya miezi mitatu. Naamini safu zile mbili zimeisaidia mikoko kuliko mche wowote niliowahi kuushika.

Kura iliyoninyima usingizi ilikuja mwaka wa nne. Mfadhili mkubwa alitaka tupande miche 50,000 ndani ya miezi 12, kwenye tope wazi mbele ya msitu, upande wa bahari, mahali pasipo na mgogoro wa ardhi na ambapo picha hutoka vizuri. Mche uliopangwa ni mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya matao, kwa sababu mbegu yake ndefu huchomekwa tu ikasimama. Afisa wetu wa uwandani aliomba dakika kumi. Alikuja na mche mmoja kutoka upandaji wa zamani, akauweka mezani juu ya gazeti: majani mawili ya rangi ya kahawia, na mizizi iliyooza ikiachia ukiigusa. Akaeleza kwamba mstari wa mbele baharini kwa kawaida ni wa mlilana na mchu, aina nyingine mbili za miti ya mikoko, na kwamba mkoko ukichomekwa mahali ambapo maji hukaa saa nyingi mno hufa. Ufilipino wamelipitia hili kwa miaka mingi. Sri Lanka nako, baada ya tsunami ya 2004, miche mingi ilipandwa kwa nia njema na sehemu kubwa ikafa. Tena tope lile si tupu. Ndege wa pwani hulishia pale maji yakikupwa.

Tulibishana saa tatu. Kuna aliyesema tupokee fedha, tupande, tutajua mbele ya safari. Mwenyekiti akafungua katiba ya asasi na kusoma ibara ya malengo kwa sauti, mara mbili. Kura zikawa 6 za kukataa na 3 za kukubali. Tulimwandikia mfadhili pendekezo la kuzibua mkondo uliofungwa na tuta la zamani ili maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kawaida, yaingie tena ndani ya msitu. Hakulitaka. Mwaka ule tulishindwa kuongeza mkataba wa msimamizi wa kitalu, na barua yake niliisaini mimi. Bado namkumbuka alivyoisoma akiwa amesimama.

Mkondo tuliuzibua baadaye kwa fedha ndogo kutoka kwingine. Miche ya mchu imeota yenyewe pale ndani, haikuhesabiwa kwenye ripoti ya mtu.

Nyota moja naipunguza kwa mambo mawili. Mjumbe mmoja alikaa vikao viwili tukijadili ununuzi wa miche bila kusema kwamba muuzaji ni ndugu yake. Fomu ya kutamka masilahi ilikuwepo, imefungiwa kabatini, na sisi wengine hatukuiulizia. Hilo ni kosa letu sote. La pili ni maamuzi ya WhatsApp: mtu anaandika "nadhani sote tunakubali", wanne wanaweka dole gumba, na miezi mitatu baadaye mkaguzi wa hesabu anauliza kumbukumbu iko wapi. Bodi yenye wajumbe wenye shughuli nyingi huteleza huko haraka.

Kama umeitwa, usijibu kabla hujaomba vitu vitatu: hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita, katiba, na kumbukumbu za vikao vitatu vya mwisho. Uliza pia kama kodi ya mishahara imelipwa yote, maana katika baadhi ya nchi deni hilo linaweza kumfuata mjumbe mwenyewe, awe analipwa au anajitolea. Wakikuletea siku hiyohiyo, kaa nao. Wakisema utapewa ukishajiunga, mimi nisingekwenda. Na omba kwenda uwandani mara moja, wakati wa maji kupwa, na yule afisa anayeijua miti kwa majina, kabla ya kikao chako cha kwanza.