Elvis yupi: wa Memphis au wa Las Vegas?

Ubishi huu hauishi. Elvis Presley wa studio ya Sun, Memphis (1954–55), alianza na watu watatu tu: yeye na gitaa lake, Scotty Moore kwenye gitaa la umeme, Bill Black kwenye besi kubwa ya kusimama. Ngoma hakuna. Black alizivuta nyuzi mpaka zikagonga ubao, na mlio huo wa kugonga ndio ulioshika mapigo. Mwangwi unaosikika ni ujanja wa Sam Phillips, mwenye studio: mashine mbili za tepu, moja ikichelewa kidogo. Kasoro ni uchache; Sun ilimtolea santuri tano tu, nyimbo kumi.

Las Vegas, kuanzia Julai 31, 1969, kuna okestra, waitikiaji na James Burton kwenye gitaa. Sauti imekomaa, nzito. Kwa uthabiti, hapa anashindwa vibaya: 1969–70 ni moto, lakini kufikia 1977 dawa na maradhi vimemlemea. Alifariki Agosti 16 mwaka huo, ana miaka 42.

Mpenda mdundo mkavu aanzie Sun. Anayetaka sauti iliyojaa achukue Vegas, ila asome kwanza tarehe ya kurekodiwa nyuma ya jalada.