Daftari la shilingi 120 lililoziumbua "kilo 60" zangu

Nimebeba chuma miaka mitatu sasa, na ile miwili ya mwanzo ungeniuliza wiki iliyopita nilinyanyua nini, ningebaki kukuna kichwa. Nilikuwa naingia jimu, naangalia benchi ipi haina mtu, napachika pleti (zile sahani za uzito) zilizo karibu, nasukuma mpaka mikono itetemeke, halafu huyo, kwenye madafu. Miezi sita ya kwanza mwili uliitika. Baadaye ukagoma, na sikuwa na pa kushika kujua umegomea wapi.

Kabla ya daftari nilijaribu programu ya simu. Jina sitaji, maana kosa nusu ni langu. Programu yenyewe haikuwa mbaya: ina michoro, inalia muda wa kupumzika ukiisha. Shida ni kwamba nikishika simu tu nakuta ujumbe wa WhatsApp, najibu mmoja, dakika tatu zinakuwa kumi, mwili umepoa. Na kidole chenye jasho na kioo cha simu haviskizani hata kidogo, hasa Machi kabla mvua hazijashuka, joto la Mombasa mnalijua. Mwisho simu ikaniponyoka tukiwa katikati ya Kilindini kwenye feri. Rekodi za miezi minne zikaenda nayo, sikuwa nimezihifadhi kokote.

Basi nikanunua daftari gumu, lile dogo la kuingia mfuko wa nyuma wa kaptura, shilingi 120. Ninachoandika si kingi. Juu ya ukurasa naweka siku na tarehe, na kama usiku nimelala vizuri au la. Chini yake zoezi, kilo, halafu mara nilizonyanyua kwa kila seti, yaani kila mzunguko kabla ya kupumzika: "Benchi 50: 8, 8, 7", benchi ikiwa ni kulala chali na kusukuma juu mtaimbo wenye pleti. Pembeni naweka nambari ndogo, mara ngapi zaidi ningeweza kabla ya kushindwa kabisa. Nikiona 8 yenye 3 pembeni, najua siku ijayo naongeza. Nikiona 8 yenye 0, nabaki hapohapo. Nilichelewa kujifunza kuandika pia muda wa kupumzika, na hilo ni kosa, kwa sababu seti ya tatu baada ya dakika moja si sawa na seti ya tatu baada ya dakika tatu. Kurasa zangu za mwezi wa kwanza kwa hiyo hazina faida sana.

Wenzangu walinicheka. "Yakhe, wewe karani wa jimu?" Jina likanata, mpaka leo naitwa Karani.

Sasa mambo yalianza wiki ya tano. Nilikuwa nafanya benchi Jumatatu na Alhamisi, uzani uleule, kilo 60. Siku moja nasubiri feri upande wa Likoni nikawa nafungua kurasa nyuma, nikaona kitu. Jumatatu: mara 8. Alhamisi: mara 5. Jumatatu 8, Alhamisi 5. Wiki tano mfululizo. Kwa ndani ya jalada nilikuwa nimenakili ile hesabu inayopewa jina la Boyd Epley, aliyekuwa kocha wa nguvu wa Chuo Kikuu cha Nebraska huko Marekani: unagawanya mara ulizonyanyua kwa 30, unajumlisha moja, halafu unazidisha kwa kilo, unapata makisio ya uzito unaoweza kuubeba mara moja tu. Jumatatu ilinipa 76. Alhamisi 70. Yaani kila wiki napoteza kilo sita katika siku tatu na kuzirudisha katika siku nne! Nikasingizia mpira wa Jumatano jioni. Nikaacha mpira wiki mbili. Hali ileile.

Jibu lilikuwa kwenye pleti. Jimu yetu ni ya mtaani, nusu ya vifaa ni vya kiwandani na nusu vimetengenezwa hapahapa, mtaimbo wa bomba la maji lililojazwa chuma, pleti za saruji zilizomiminwa kwenye beseni na kuandikwa "20" kwa rangi nyekundu. Jumatatu kunajaa, wakubwa wanachukua zile za chuma, mimi naachiwa za saruji. Alhamisi kuna nafasi, nachukua za chuma. Nikazikokota zile za saruji pamoja na mtaimbo kwa mkokoteni hadi kwa mnunuzi wa skrapu.

"Kijana, saruji hatununui hapa."

"Siuzi, mzee. Nataka kupima tu."

Akanitazama kama niliyepigwa na jua, lakini akaniruhusu mzani. Pleti moja kilo 16 na nusu. Ya pili 18. Mtaimbo, ambao sote tulikuwa tunauhesabu 20 kama ule wa mashindano, kilo 15. Zile za chuma nilizipima siku ya pili, zikatoka 20 kweli. Hesabu ikajipanga upya palepale: "60" ya Jumatatu ilikuwa 49.5, ya Alhamisi 55. Nikairudia ile ya Epley, Jumatatu kama 63, Alhamisi kama 64. Sikuwa napoteza nguvu wala kuzirudisha. Nilikuwa mtu yuleyule, na kilo 60 sikuwahi kuzisukuma maishani mwangu.

Jambo jingine, kurasa za Jumatatu zilikuwa na maumivu ya "bega la kushoto" mara tatu. Ukifikiri upande mmoja ulikuwa na kilo moja na nusu zaidi, wala sikuwa najua upi. Siwezi kuapa ndiyo sababu, lakini tangu nipange pleti vizuri neno hilo halijarudi.

Mzee wa jimu nilipomwambia alicheka. "Miaka yote hii watu wamejenga miili na hizohizo." Ni kweli pia. Ila alinipa mkebe wa rangi nikaandika uzito halisi. Jamaa mmoja ambaye "100" yake iliteremka ghafla hakunisalimia siku mbili.

Sitini ya kweli niliifikia miezi minne baadaye: mtaimbo, zile za chuma, na vile vidogo vya kilo 2.5 kila upande. Mara tatu. Nimeandika "mzani" pembeni, kwa sifa zangu mwenyewe.

Ramadhani nilifanya baada ya tarawehe, mara mbili kwa wiki badala ya nne. Nilikuwa na hofu ya kuanza upya baada ya Idi. Daftari linaonyesha wiki ya kwanza niliporomoka kweli, ya tatu nikatulia, na wiki mbili baada ya Idi nilikuwa nilipoachia. Bila maandishi ningeapa nimepoteza mwaka.

Ubaya upo. Kalamu ya wino wa maji usijaribu; jasho linaugeuza ukurasa mzima kuwa bahari ya buluu, tumia penseli. Mchoro huna, ukitaka kuona miezi sita kwa pamoja utafungua kurasa mpaka uchoke. Na kuna ugonjwa wa kuifukuza nambari: nimewahi kuinua mgongo kwenye benchi kama upinde ili tu niandike 9 badala ya 8. Siku hizo nazikata kwa msitari. Anayekuja jimu kutoa mawazo ya kazi tu, sidhani anahitaji haya yote.

Langu limebaki kurasa nne. Jipya nimelinunua juzi karibu na Mwembe Tayari, lina jalada la plastiki, shilingi 150, na penseli nimeifunga kwa uzi kwa sababu ya kwanza iliazimwa na haikurudi.